Nafasi ya Aliyekwama

Wengi wa wasomaji wetu hupita barabara ya Morogoro angalau mara moja kwa mwaka. Mmoja aenda kuzika, mwingine aenda harusini, mwingine ampeleka mtoto shuleni, mwingine aja Dar es Salaam kutafuta dawa isiyopatikana kwao. Wapitapo Kibaha huyatazama maduka, viwanda na wingi wa malori. Lakini ni wachache waangaliao ule ukanda mwembamba ulioko nje ya mstari mweupe, ambao wahandisi huuita bega la barabara. Wala hatuwalaumu. Siku nyingi ukanda huo hauna kazi inayoonekana. Haubebi mzigo, haumfikishi mtu kokote, wala haumwongezei dereva mwendo. Mtu ahesabuye kila kitu kwa faida yake ya leo angeweza kuuliza: kwa nini fedha ya umma imwagwe juu ya ardhi isiyopitwa na mtu?

Swali hilo laonekana kuwa la wahandisi na wahasibu. Sisi twaona ni swali la maadili, tena zito. Maana bega la barabara halikuwekwa kwa ajili ya wapitao, bali kwa ajili ya asiyeweza kupita: mtu ambaye gurudumu lake limepasuka, au injini yake imezimika, au maradhi yamemshika ghafla mikono ikiwa usukani. Basi, kuuliza kama bega lafaa kuwapo ni kuuliza kama jamii yenye haraka inawiwa chochote na mtu aliyekwama. Leo twataka kulichungua swali hilo kwa utulivu, bila kumtisha mtu na bila kumpaka mtu mafuta.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya bega, kwa kuwa si haki kulihukumu jambo usilolijua. Kazi zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kulinda kingo za lami zisimomonyoke kwa mvua na kwa uzito wa magurudumu. Ya pili ni kumpa dereva aliyepotoka kidogo nafasi ya kujirudi kabla hajatumbukia mtaroni. Ya tatu ni kumpokea aliyeharibikiwa, na kulipa njia gari la wagonjwa, la zimamoto au la polisi wakati njia nyingine zimeziba. Hii ya tatu ndiyo tunayoijadili hapa.

Hesabu yake ni rahisi. Basi au lori kubwa lina upana wa mita mbili na nusu hivi. Bega la mita moja na nusu laweza kuipokea pikipiki nzima, au sehemu tu ya motokaa. Lori likisimama hapo, mita nzima ya mwili wake yabaki katika njia ya wengine. Tena gari liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho ulioruhusiwa na sheria yetu kwa mabasi na malori makubwa, hupita mita 22 kwa kila sekunde. Motokaa ndogo yenye breki nzima huhitaji mita 50 au zaidi ili isimame kutoka katika mwendo huo, na lori lenye shehena huhitaji nyingi kuliko hizo. Sasa tia giza la usiku, tia mvua ya masika, tia kilima kinachoficha yaliyo mbele. Aliyesimama hapo bila nafasi hana ngao yoyote ila bahati, na bahati si kitu cha kumtegemeza mwenzio.

Hata mataifa tajiri hayakulijua jambo hili tangu mwanzo. Barabara kuu ya M1 ya Uingereza ilipofunguliwa Novemba 1959, kando yake yaliwekwa mabega laini, ya kokoto iliyooteshwa majani. Haukupita muda mrefu ikaonekana kwamba magari mazito yalizama humo, na ikabidi yajengwe mabega magumu. Ugumu huo ulinunuliwa kwa mafunzo machungu, kama zilivyonunuliwa nyingi za kanuni za usalama tunazozidharau leo kwa kuwa tumezikuta tayari.

Turudi kwetu. Barabara ipitayo Kibaha si barabara ya kijiji. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, Zambia ilijikuta imefungiwa mlango wake wa kusini. Malori yakaanza kupishana kati ya Dar es Salaam na Zambia, yakipeleka mafuta na kurudi na shaba, katika njia ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo. Madereva wa siku zile waliipa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu, kwa jinsi ilivyowameza watu na magari. Baadaye likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970. Lakini njia ya lami ilibaki kuwa mshipa mkubwa wa nchi. Mpaka leo malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita pale pale Maili Moja na Mlandizi, pamoja na mabasi ya mikoani, daladala, bajaji, pikipiki na mwenye baiskeli aliyefunga gunia la mkaa. Majeruhi wa sehemu hii ya barabara wengi wao hupelekwa hospitali ya Tumbi, ambayo mizizi yake ni kituo cha afya cha mradi wa nchi za Nordic wa miaka ya 1960. Wauguzi wa Tumbi hawahitaji kuelezwa na gazeti gharama ya sekunde moja barabarani.

Barabara hiyo inazidi kupanuliwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara upande wa Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa, na Desemba 2018 likawekwa jiwe la msingi la upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, kwa shabaha ya kufikia njia nane. Tena kwa miaka mingi Serikali imekuwa ikitangaza mpango wa barabara ya haraka ya kulipia, kutoka Kibaha hadi Chalinze na kuendelea Morogoro, kwa ushirikiano na sekta binafsi. Sisi hatupingi barabara. Aliyewahi kukaa saa nne ndani ya basi kati ya Kibaha na Ubungo, na mgonjwa amemlalia mapajani, hawezi kupinga barabara. Lakini twasema hivi: ardhi ile ilipatikana kwa machozi ya wenye nyumba. Kama jirani amebomolewa ukuta wake ili barabara ipanuke, basi upana ule usitumiwe wote kwa haraka ya wapitao. Sehemu yake iwe akiba ya uhai.

Sasa tuitazame Kisarawe, jirani yake Kibaha. Hali yake ni nyingine. Njia hutoka Pugu na kupanda vilima penye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kisha huendelea kuelekea Maneromango. Hapo hakuna njia nane. Hapo ukingo wa barabara ndio njia ya miguu: ndio njia ya mwanafunzi mwenye viatu mkononi wakati wa mvua, ya mama aliyejitwika mihogo, ya mzee aendaye kusikiliza shauri lake bomani. Gari likikwama katika njia nyembamba kama hiyo, hukwama pamoja na wote hao, maana mwenye miguu hulazimika kulizunguka kwa kuingia katikati ya lami. Kwa hiyo nafasi ya kando katika barabara za namna ya Kisarawe ina wateja wawili, aliyeharibikiwa na asiye na gari kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembeao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio watu wa ukingoni.

Watu husema, na wasema kwa sababu, kwamba hata pale palipo na bega kwetu sisi haliachwi wazi. Ni kweli. Dereva wa daladala hulitumia kuwapita wenziwe kwa upande wa kushoto pakiwa na msongamano. Dereva wa lori huegesha hapo akalala. Mwenye bodaboda hulifanya kijiwe. Mama mwenye machungwa hupanga mafungu yake hapo, kwa kuwa wanunuzi wake wanapita hapo wala si kwingine. Kila mmoja wao anayo sababu, na baadhi ya sababu hizo zastahili huruma. Mama yule hakuja barabarani kwa kiburi. Amekuja kutafuta ada ya mtoto. Lakini zikijumlishwa sababu zote hizo, aliyekwama hukuta nafasi yake imekwisha kugawanywa kama nguo za marehemu, naye angali hai.

Dawa yake si fimbo peke yake. Basi lisilojengewa kituo cha kuingia pembeni litasimama njiani. Lori lisilo na maegesho litalala njiani. Mama asiye na soko penye wanunuzi atauza njiani. Mwenye kujenga barabara akisahau mambo hayo, amejenga nusu ya barabara, na nusu ya pili wananchi watajijengea wenyewe juu ya bega. Hivyo si haki kusema: mabega hutumiwa vibaya, basi yaondolewe. Visima navyo hutumiwa vibaya. Hatujasikia kijiji kilichofukia kisima chake kwa sababu watoto hutupa mawe ndani. Hukiwekea mfuniko.

Yako mashtaka mawili mengine dhidi ya bega, nayo ni mazito zaidi.

La kwanza ni la hesabu, na limejaribiwa kwa vitendo huko Uingereza. Barabara zao kuu zilipojaa magari, wakubwa wao waliona ni ghali kuzipanua, wakalitazama bega likiwa tupu. Mwaka 2006, katika barabara ya M42 karibu na Birmingham, wakaanza kuruhusu magari kupita juu ya bega nyakati za msongamano, kwa kuongozwa na taa na mabango ya umeme. Jaribio lile lilikwenda vizuri. Vituo vya kukimbilia vilikuwa vingi na karibu karibu. Wakapata moyo. Kuanzia mwaka 2014, katika sehemu za M25 na nyinginezo, bega likafanywa njia ya kawaida mchana na usiku, na vituo vya kukimbilia vikawekwa mbali zaidi, mahali pengine kufikia kilomita mbili na nusu kutoka kimoja hadi kingine. Aliyeharibikiwa katikati ya vituo viwili alitazamiwa kusimama katika njia yenyewe, magari yakimjia kwa kasi, mpaka mtu wa kamera amwone na kuwasha alama nyekundu ya kuifunga njia.

Watu wakafa. Mwaka 2019, katika M1 karibu na Sheffield, madereva wawili waliogongana kidogo tu walisimama ili wazungumze, na kwa kuwa hapakuwa na bega, lori likawaua wote wawili. Mchunguzi wa vifo aliyelisikiliza shauri lao alisema Januari 2021 kwamba barabara za namna hiyo zaleta hatari ya kuendelea ya vifo vingine. Kamati ya Bunge ikataka mpango usimamishwe. Serikali ikausimamisha Januari 2022, na Aprili 2023 ikatangaza kwamba hazitajengwa mpya tena. Zile zilizokwisha kujengwa zikabaki, na ikaamriwa ziongezewe vituo.

Hapa yatupasa tuwe wakweli. Watetezi wa barabara zile hawakuwa wauaji, wala hawakuwa wajinga. Walikuwa na tarakimu mkononi. Uchunguzi wa Serikali yao wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba, ukijumlisha hatari zote, vifo katika barabara zisizo na bega havikuzidi vya barabara kuu za kawaida, bali vilipungua kwa kadiri fulani, kwa sababu mwendo unaongozwa vizuri zaidi na magari hayasukumani. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba hatari ya gari linalokwenda kuligonga gari lililosimama iliongezeka. Kwa maneno mengine, hatari ilipungua kwa wengi na ikaongezeka kwa mmoja.

Je, hesabu hiyo ni halali? Mtu wa haraka atajibu: wengi waokoke, na huyo mmoja bahati yake. Sisi twaona jibu hilo halitoshi, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba hatari zote si za namna moja. Dereva akimbiaye kupita kiasi amejichagulia sehemu ya hatari yake. Aliyezimikiwa na injini hakuchagua. Tena hawezi kujisaidia: hawezi kupunguza mwendo, hana mwendo, hawezi kukwepa, hana pa kukwepea. Kuwapunguzia hatari wenye uwezo wa kujiepusha nayo kwa kumwongezea asiye na uwezo huo, hata kama jumla yatoka ndogo, ni biashara inayofanana sana na kumkopa maskini ili kumlipa tajiri.

Sababu ya pili ni kwamba kifo cha namna hii si ajali kwa maana kamili ya neno. Kwamba fulani ataharibikiwa kesho hatujui. Lakini kwamba katika maelfu ya magari yapitayo kila siku mengine yataharibikika, hilo tunalijua kama tujuavyo kwamba mvua itanyesha. Jambo linalojulikana kabla halijatokea haliwezi kuitwa bahati mbaya na yule aliyelijua. Aliyechora barabara amekwisha kumwona huyo mtu katika karatasi yake, hata kama hajamjua jina.

Sababu ya tatu ni kwamba huyo mmoja si mtu wa kabila lingine. Wahenga walisema: leo kwangu, kesho kwako. Hakuna kundi la waliokwama na kundi la wasiokwama. Kuna wasafiri tu, ambao kila mmoja wao siku moja atakwama. Tumwulize msafiri akiwa nyumbani kwake, kabla hajajua siku yake: wapenda kufika Morogoro dakika kumi mapema kila safari, na siku gari lako litakapozimika usiwe na mahali pa kulisukumia wanao wakiwa ndani? Twaamini wengi wangezikataa dakika hizo kumi.

Hata hivyo hatusemi kwamba jumla ya vifo si kitu. Kama ingethibitika kwamba bega lawaua wengi kuliko liwaokoavyo, ingetubidi tubadili mawazo. Tena vifo hupungua kwa njia nyingine pia: kuongoza mwendo vizuri, kutenga mahali pa waendao kwa miguu, na kuhamishia mizigo relini. Treni ya abiria ya reli mpya ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza mwaka 2024, na mwaka 2025 ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, katika Wilaya ya Kibaha, ambayo shabaha yake mojawapo ni kuyapunguza malori mjini. Hayo ni mema. Lakini mema hayo yaweza kufanywa pamoja na bega. Hayadai bega liondolewe kama malipo.

Shtaka la pili ni la umaskini, nalo latugusa sisi kuliko Waingereza. Mtu wa Kisarawe aweza kusema: fedha mtakayoimwaga kuwapanulia mabega watu wa barabara kuu ingetosha kututilia lami huku kwetu, ambako mvua ikinyesha mjamzito hafiki hospitali. Kipi bora, barabara fupi yenye mabega au barabara ndefu isiyo nayo? Hili ni shtaka la haki, na atakayelijibu kwa wepesi hajapata kumsubiri mkunga.

Jibu letu ni hili: anayetoa mwendo atoe na kimbilio. Wajibu wa kutenga nafasi ya aliyekwama huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, kwa kuwa mwendo ndio unaomgeuza aliyesimama kuwa mtu wa kufa. Katika barabara ya wilaya yenye magari machache, yaendayo polepole, bega pana mwanzo hadi mwisho si lazima. Yatosha patengenezwe sehemu za kuingia pembeni mahali pa kilima na pa kona, na ukingo wa kupita watu wa miguu, fedha iliyosalia iendelee mbele kumfikia mjamzito. Hapo uchache wa fedha ni udhuru wa kweli. Lakini barabara kuu ya njia nyingi, ambayo imejengwa makusudi ili magari yakimbie, haina udhuru huo. Na barabara ya kulipia haina udhuru hata kidogo, maana imepokea fedha ya msafiri mlangoni. Aliyemtoza mtu nauli hawezi kumwambia njiani kwamba mahali pa kushukia hapakuwa katika hesabu.

Wazo hili si geni kwa desturi zetu. Nyumba ya kale ya Mswahili wa pwani huwa na baraza mbele, nje ya mlango. Ukiipima kwa hesabu ya vyumba, baraza ni hasara: hakuna alalaye hapo, hapahifadhiwi mali. Lakini mpita njia aliyechoka hukaa hapo bila kubisha hodi, na mwenye nyumba haoni kwamba ameibiwa. Torati nayo iliwaamuru wenye mashamba wasivune mpaka ukingoni, ili maskini na mgeni wapate kitu. Haikumwambia mkulima angoje mpaka maskini aonekane ndipo amwachie. Ukingo huachwa kabla, bila kujua ni nani atakayekuja. Na ndivyo lilivyo bega: ni hisani iliyofanywa mapema, kwa mtu asiyejulikana bado.

Basi, wajibu ni wa nani? Aghalabu tuulizapo swali hilo twaitazama Serikali peke yake. Serikali inao wajibu, tena wa kwanza. Bunge la Sweden mwaka 1997 lilikubali kanuni kwamba wanaozitengeneza barabara wanashiriki daraka la usalama wake, na kwamba kosa dogo la binadamu lisiwe hukumu ya kifo. Kanuni hiyo yafaa kwetu pia, na wakati wa kuitumia ni sasa, mipango ikingali karatasini. Bega ni rahisi kuchorwa na ni ghali kuongezwa. Nalo, likiwa halionekani kuwa na faida ya haraka, ndilo la kwanza kukatwa mkandarasi na mwenye kazi wanapobishana bei.

Lakini yapo yetu sisi. Mwenye lori anayempeleka dereva safari ya Zambia na magurudumu yaliyokwisha, akisema Mungu atasaidia, asimsingizie Mungu. Kuharibikiwa kwake hakukutoka mbinguni, kulipangwa gereji. Dereva apitaye juu ya bega ili awatangulie wenziwe ajue kwamba ameipita njia ya gari la wagonjwa. Abiria wamshangiliao kwa kuwa wanachelewa nao wana sehemu yao katika kosa hilo. Sauti ya mtu mzima mmoja ndani ya basi, ikisema kwa heshima, "Dereva mwanangu, rudi njiani," imepata kuwaokoa wengi ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Tena liko jambo la mawe. Lori likikwama kilimani, utingo huruka chini akatafuta mawe makubwa na kuyatia chini ya magurudumu lisirudi nyuma, kisha hukata matawi na kuyapanga njiani kuwaonya wajao. Hapo afanya vyema. Pembetatu nyekundu ingekuwa bora, lakini tawi ni bora kuliko kimya. Lori likipona, huondoka, na mara nyingi mawe hubaki palepale juu ya lami. Usiku wa manane mwenye pikipiki hulikuta jiwe lililomwokoa mwenzake, na jiwe lile lamwua. Katika jambo hilo dogo twaona maadili yote ya barabara. Aliyekwama alipewa na dunia nafasi, jiwe na tawi. Alipopona alisahau kwamba nyuma yake kuna mwingine. Kuliondoa jiwe huchukua dakika moja. Wazazi na wafundishe watoto wao, hasa wale watakaokuwa madereva, kwamba safari haijaanza tena mpaka jiwe limeondolewa.

Twajua kwamba gazeti halijengi barabara. Lakini wako miongoni mwa wasomaji wetu madiwani, wahandisi, makarani wa zabuni, wenye mabasi, madereva na matingo, na wako wananchi watakaoitwa mikutanoni kuelezwa mipango ya barabara itakayopita mbele ya nyumba zao. Wataonyeshwa idadi ya njia, na urefu wa kilomita, na dakika zitakazookolewa. Mambo hayo ni mazuri kusikia. Tunawaomba waongeze swali moja tu, waliulize kwa adabu, wala wasikubali kujibiwa kwa kicheko: mtu akikwama hapa usiku, pamoja na wanawe, atakwenda wapi? Kama jibu lipo, na lajengwe. Kama halipo, barabara hiyo haijakamilika, hata ikiwa na njia nane na taa kila upande.